Kwa nini dawa ya maji lazima itikiswe

Kwenye maduka ya dawa ya Ganshoren, kaskazini-magharibi mwa Brussels, chupa nyingi za dawa za watoto zina agizo kwa Kifaransa na Kiholanzi: tikisa kabla ya kutumia. Mzazi mwenye haraka hulipuuza, na hapo kipimo cha mtoto huharibika.

Dawa nyingi za aina hii hazijayeyuka. Ni unga laini mno unaoelea ndani ya kimiminika kizito, nao hautulii. Chembe nzito huzama. Nyingine hugongana zikashikamana. Usipotikisa, mtoto hupewa vijiko hafifu siku za mwanzo, kisha vikali mno chupa inapokaribia kwisha.

Kuna badiliko jingine lisiloonekana kwa macho, alilolichunguza mwanakemia Wilhelm Ostwald mwaka 1900. Uso wa chembe ndogo umepinda zaidi, kwa hiyo huyeyuka kwa urahisi kuliko kubwa. Kilichoyeyuka husambaa na kugandia kwenye chembe kubwa. Ndogo zinatoweka, kubwa zinanenepa, na jumla ya dawa haijapungua hata kidogo. Mwendo huu ni wa polepole: kwa hesabu za wanasayansi Lifshitz, Slyozov na Wagner, ili upana wa wastani wa chembe uongezeke maradufu, muda uliokwisha kupita lazima uongezeke kama mara nane.

Joto linalopanda na kushuka huuharakisha. Majira ya baridi, chupa iliyowekwa juu ya kipasha joto hupata moto mchana, ikapoa usiku kinapozimwa. Kila inapopata moto chembe ndogo huyeyuka. Ikipoa, dawa hurudi kuganda juu ya zile kubwa. Mashapo yakishikamana chini kama saruji, kutikisa hakusaidii tena.

Kwa wenye kisukari tahadhari ni kubwa zaidi. Insulini nyeupe kama maziwa, ile ya NPH, nayo ina chembe zinazoelea, lakini haitikiswi kwa nguvu: iviringishe taratibu kati ya viganja na kuigeuzageuza. Ikibaki na mabonge, usiitumie. Anayesafiri kwenda Bukavu au Mombasa asiitie kwenye begi la chini ya ndege, kwani huko inaweza kuganda kwa baridi. Insulini iliyowahi kuganda haifai, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ibebe mkononi, pamoja na karatasi ya daktari.

Dawa zilizopitwa na muda zirudishwe dukani. Nchini Ubelgiji hupokelewa bure, ila sindano zisichanganywe nazo.