Upepo wa Magurudumu na Somo la Fizikia

Nimewahi kuketi kando ya barabara ya Kangundo, mbele kidogo ya Tala, pamoja na wanafunzi zaidi ya ishirini, tukilitazama gurudumu la nyuma la basi dogo la shule lililochanika ubavuni kama gunia kuukuu. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tulimshukuru Mola. Dereva wetu, mzee mwenye heshima zake, alimlaumu aliyetuuzia tairi. Ndipo mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, si jana mchana alitoa upepo?"

Naam, alikuwa ameutoa. Alirejea kutoka Nairobi saa nane, jua likiwaka, akapima magurudumu yangali moto, akaona kipimo kimepita kiwango, akapunguza. Tulipomwuliza alijitetea kwamba hata madereva wa Safari Rally hufanya hivyo.

Hakukosea. Tangu mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953, hadi enzi ya Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na hata yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, upepo wa magurudumu umekuwa miongoni mwa siri za ushindi. Katika mashindano ya magari ya kasi kwenye njia ya lami, jambo hili ni nyeti zaidi. Upepo ukizidi, tairi huvimba katikati na kuikanyaga lami kwa sehemu ndogo, na gari huteleza. Ukipungua mno, mbavu za tairi hulegea, na usukani huchelewa kutiiwa. Mkia wa gari ukichomoka kwenye kona kwa sababu upepo wa nyuma umezidi, dereva hupunguza ratili moja au mbili kwa kila inchi ya mraba, akajaribu tena. Hupima mara tu anaposimama, magurudumu yakiwa moto, kwa kuwa atayatumia yakiwa moto vivyo hivyo. Yakipoa, mafundi wake huyajaza upya.

Basi letu halikuwa na mafundi. Lililala nje usiku kucha, hewa ndani ya tairi ikapoa na shinikizo likashuka chini ya kiwango. Asubuhi tukapakia watoto na mizigo. Tairi lenye upepo haba hujikunja kwa kila mzunguko. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huidhoofisha mipira na nyuzi zake hadi lipasuke. Ubaya ni kwamba joto hilo hilo hupandisha kipimo, na dereva asiyejua hudhani upepo umezidi, akautoa tena!

Nakiri kwamba aibu ilikuwa yangu kuliko ya mzee yule. Nilikuwa nimewafundisha vijana hao kanuni za gesi majuma machache tu kabla ya safari, nao walizikariri barabara. Hakuna aliyewahi kuona, wala mimi sikuwahi kumwonyesha, kwamba kanuni hizo zilikuwa zikibingirika chini ya kiti chake.

Tuliporudi niliwapa swali hili: gari dogo lina ratili 30 katika nyuzi 20 za Selsiasi, magurudumu yakifikia nyuzi 70, kipimo kitasoma ngapi? Wawili walipata 105, kwa kusahau kwamba joto huhesabiwa kutoka sufuri halisi, yaani nyuzi 293 na 343. Wengi walipata 35. Msichana mmoja alikaa kimya kitambo, kisha akauliza iwapo hewa ya nje nayo ihesabiwe. Hilo ndilo swali niliyekuwa nikilingoja! Kipimo huonyesha tu ziada iliyo juu ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, ambalo Mombasa ni kama ratili 14.7, na huku kwetu milimani Kangundo ni karibu 12. Ongeza 12 juu ya 30, zidisha kwa 343, gawanya kwa 293, kisha uiondoe ile 12: utapata 37.

Walimu wenzangu, kipimo cha upepo si ghali, na kila soko lina fundi wa pancha ambaye atafurahi kutembelewa na darasa. Sisi tulikwenda kwa wetu, pale sokoni. Mzee dereva alifuatana nasi, akasimama nyuma ya wanafunzi, mikono mgongoni, asiseme neno. Siku hizi hupima alfajiri, kabla ya kuwasha injini.