Dhamana ya Nyumba: Faida Yake Ni ya Nani?

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii huonekana wazi katika jambo la dhamana ya nyumba. Siku mpangaji anapoingia, fedha huhesabiwa kwa furaha, funguo hutolewa, na dalali, yule tumwitaye komisioneri, hupokea chake akaenda zake. Lakini siku ya kuhama ikifika, nyuso hubadilika. Mpangaji hudai fedha zake; mwenye nyumba husema arudi wiki ijayo, na wiki ijayo huzaa nyingine.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Katika mitaa ya Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hadi Kinama na Kanyosha, jamaa nyingi hazina akiba nyingine iliyo kubwa kuliko ile dhamana waliyomkabidhi mwenye nyumba. Wanapohama, fedha hizo ndizo zinazotegemewa kuingilia nyumba mpya. Zikichelewa, mama na watoto hujikuta na vyombo barazani kwa jamaa. Kwa hiyo katika makala haya tutaeleza dhamana ni nini, fedha hizo ni za nani zinapokaa, na kama zikizaa, mtoto wake ni wa nani.

Amana si kodi

Dhamana, ambayo wengi wetu huiita garanti, ni fedha anazoweka mpangaji ili kumkinga mwenye nyumba. Mpangaji akivunja mlango, akiacha deni la maji la REGIDESO, au akitoroka usiku bila kulipa kodi, mwenye nyumba atafidiwa kutoka katika fedha hizo. Yasipotokea hayo, fedha zote hurudi kwa aliyeziweka. Hapa ndipo tofauti kati ya dhamana na kodi. Kodi ikishalipwa ni mali ya mwenye nyumba, naye anaweza kuitumia apendavyo. Dhamana hubaki mali ya mpangaji, ingawa imo mkononi mwa mwingine.

Tofauti hiyo husahaulika upesi. Wenye nyumba wengi huichanganya dhamana na kodi, wakanunulia saruji na mabati au wakalipia ada za shule. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Nyumba nyingi za mji wetu hujengwa chumba baada ya chumba, na fedha za mpangaji wa chumba cha kwanza husimamisha ukuta wa chumba cha pili. Lakini mtu akiitumia dhamana, amekwisha kukopa, hata kama hakutamka neno la mkopo. Na dawa ya deni ni kulipa.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Nyumba inapangishwa kwa faranga 200,000 kwa mwezi, na dhamana ni ya miezi 3, yaani faranga 600,000. Tuseme fedha hizo zimewekwa mahali zinapopata faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza zitakuwa 630,000. Wa pili 661,500. Wa tatu 694,575. Na wa nne zitapita 729,000. Mpangaji akihama baada ya miaka 4 akarudishiwa 600,000 zake tu, faida ya faranga 129,000 na zaidi imebaki kwa mwenye nyumba. Na kama mwenye nyumba huyo ana wapangaji 6 katika ua mmoja, anashika faranga 3,600,000 za watu wengine.

Sasa tutazame upande wa pili wa hesabu, nao ndio mchungu zaidi. Katika mwaka 2023 bei za vitu nchini Burundi zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 27. Mwezi Mei wa mwaka huo thamani ya faranga ilishushwa, dola moja ikapanda kutoka faranga zipatazo 2,090 hadi zipatazo 2,800. Kitu kilichonunuliwa kwa 600,000 kabla ya mwaka kama huo, baada yake chahitaji 762,000. Kwa hiyo mpangaji aliyerudishiwa 600,000 amepewa hesabu kamili ya noti, lakini amepewa mali pungufu.

Wala kuzificha chini ya godoro si kinga. Mwezi Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kwamba noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na wananchi wakapewa siku 10 tu za kuzibadilisha. Fedha ya mtu mwingine ikiharibika mikononi mwako, deni haliharibiki pamoja nayo.

Sheria zasemaje?

Sheria yetu ya mikataba ina asili ya mbali. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, kisha ikaletwa Burundi wakati wa utawala wa Wabelgiji. Msingi wake ni kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa waliopatana. Maana yake kwa mpangaji ni hii: jambo lililoandikwa katika mkataba lina nguvu, na lile ambalo halikuandikwa litakuletea taabu ya kulithibitisha.

Sheria hiyo ni mjukuu wa Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804. Katika kanuni hiyo, aliyewekewa amana ya fedha hadaiwi riba, isipokuwa kuanzia siku alipotakiwa rasmi kurudisha. Mantiki yake inafaa kukumbukwa hata leo: kudai kwa mdomo barabarani hakuhesabiwi sawa na kudai kwa maandishi yenye tarehe.

Wabelgiji wenyewe hawakubaki hapo. Tangu sheria yao ya tarehe 20 Februari 1991 juu ya nyumba za makazi, dhamana ya fedha taslimu huwekwa katika akaunti ya benki iliyofungwa, kwa jina la mpangaji, na faida yake hujumlishwa humo humo. Hakuna anayeweza kuigusa peke yake. Hufunguliwa kwa makubaliano ya wote wawili au kwa hukumu ya mahakama. Ujerumani nayo hutaka dhamana isizidi kodi ya miezi 3, itengwe na mali ya mwenye nyumba, na faida iwe ya mpangaji. Ufaransa imekwenda njia nyingine: dhamana haizai riba kwa mpangaji, lakini mwenye nyumba akichelewa kuirudisha hutozwa nyongeza ya asilimia 10 ya kodi ya mwezi kwa kila mwezi unaoanza.

Tusidhani kwamba haya ni ya Ulaya peke yake. Afrika Kusini ilitunga sheria ya nyumba za kupanga mwaka 1999. Mwenye nyumba huko hutakiwa kuiweka dhamana katika akaunti inayozaa faida, na mpangaji ana haki ya kuomba uthibitisho. Wote wawili huikagua nyumba pamoja kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Kama hakuna deni wala uharibifu, dhamana na faida yake hurudishwa ndani ya siku 7. Na jirani zetu wa Kongo, kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, waliweka kwamba dhamana ya nyumba ya kukaa mjini isizidi kodi ya miezi 3, ingawa mjini Kinshasa wenye nyumba wengi huendelea kudai zaidi ya hapo.

Pande zote mbili zina malalamiko

Haki haina upande mmoja. Wapo wapangaji ambao, wakihofu kutorudishiwa, huacha kulipa kodi miezi ya mwisho na kusema kwamba wanaila dhamana yao. Mwenye nyumba hubaki bila kinga: akikuta choo kimeziba na vioo vimevunjika, hana pa kujifidia. Tabia hiyo huwafanya wenye nyumba kuongeza miezi ya dhamana, na anayeumia ni mpangaji mwema ajaye.

Wapo pia wasiotaka kusikia neno riba kwa sababu ya dini yao, na Buyenzi ni wengi. Kwao swali halifutiki, bali linageuka. Kama mpangaji hataki kula riba, basi na mwenye nyumba asiile kwa mgongo wake: aihifadhi amana bila kuigusa, au waafikiane namna nyingine ambayo masheikh wao wataiona ni halali.

Kwa maoni yangu, njia iliyo rahisi kwa watu wasio na akaunti benki ni kuhesabu dhamana kwa miezi badala ya faranga. Miezi 3 imeingia, miezi 3 itoke. Kama kodi imepandishwa kutoka 200,000 hadi 260,000, mpangaji anayehama atapewa 780,000. Mwenye nyumba hataonewa, kwa kuwa mpangaji mpya atamletea kiasi hicho hicho.

Mambo ya kufanya

Kwanza, andikeni mkataba wenye nakala mbili. Utaje kiasi cha dhamana, mahali itakapowekwa, faida ni ya nani, na siku ngapi baada ya kuhama itarudishwa.

Pili, mwombe mwenye nyumba stakabadhi ya dhamana iliyo mbali na stakabadhi ya kodi.

Tatu, kabla ya kuingiza hata kiti, pitieni chumba kwa chumba pamoja, mkiandika hali ya milango, vitasa, vioo, bomba na taa, kisha mtie saini wote wawili. Fanyeni hivyo tena siku ya kutoka.

Nne, lipa maji na umeme hadi siku ya mwisho, na uzitunze risiti.

Tano, ukicheleweshewa, andika barua ya kudai yenye tarehe, ubaki na nakala. Mpelekee kwanza mkuu wa mtaa awapatanishe. Ikishindikana, ipo mahakama ya tarafa, yaani tribunali ya residansi, nayo hutazama maandishi kabla ya maneno.

Nawe, mwenye nyumba, fungua daftari la dhamana. Andika jina la kila mpangaji, kiasi alichokupa na siku aliyokupa, na fedha zenyewe ziweke benki au katika chama cha akiba na mikopo. Ukifa ghafla, watoto wako watajua lililo lao na lililo la watu, wala hawatarithi ugomvi. Mali bila daftari hupotea bila habari.