Mtaalamu Aliyewafuata Nyumbu Nje ya Mbuga

Sisi watu wa pwani tukisikia mbuga ya Nairobi hudhani imezungushwa ua kote. Sivyo. Majuzi nilikuwa Ongata Rongai, ubavuni mwa mbuga hiyo, nikaelezwa kuwa upande wa kusini u wazi. Mbuga ina kilomita za mraba 117 tu. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia huvuka mto Mbagathi kwenda nyanda za Kitengela, juu ya ardhi ya Wamaasai.

Nyanda hizo ndizo alizozitafiti Dakta Helen Gichohi, Mkenya, akapata udaktari wake Leicester, Uingereza, mwaka 1996. Hakuishia kwenye kuhesabu wanyama. Mwaka 2003, huko Durban, aliueleza ulimwengu mpango ulioanza Kitengela mwaka 2000: mwenye ardhi alilipwa, kiasi cha shilingi 300 kwa eka kwa mwaka, asitie seng'enge wala asilime. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Hapo nilitabasamu, aliyepanga hivyo anazijua nyumba za watu!

Nikakumbuka chuoni, tulivyosimuliwa hima ya Naqii, malisho aliyoyatenga Mtume (S.A.W.) karibu na Madina.

Baadaye bibi huyu akawa rais wa shirika la African Wildlife Foundation. Lakini ploti hulipa zaidi ya nyumbu. Waliokuwa wapatao 30,000 mwaka 1978 hawakufika 5,000 mwaka 2011. Nami pale Rongai, nilipotazama, niliona mabati na maghorofa.