Kompyuta Imefika Shuleni, Nani Atafundisha?



Kuna neno tunalolisikia sana hapa kambini: "Mtoto nitamtuma Kampala kwa mjomba wake, huko watamfundisha kompyuta." Mara nyingi huyo mjomba anakaa Kisenyi au Nakivubo, karibu na soko la Owino na ule mfereji unaofurika mvua ikinyesha. Ni kweli, mjini kuna umeme, na maduka ya simu yako kila kona. Lakini duka la simu si darasa. Kabla mama hajafunga mzigo wa mtoto, tuangalie shule yenyewe.

Shule za serikali za mji huo ziko mikononi mwa KCCA, iliyochukua kazi ya baraza la jiji mwaka 2011. Tangu serikali ilipoleta elimu ya msingi kwa wote, UPE, mwaka 1997, watoto wamejaa madarasani. Tena mtoto wa P7 anangojwa na mtihani wa PLE: Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na dini. Kompyuta haimo. Sasa mwalimu aliyepewa mashine kumi na watoto mia atafanya nini Novemba ikikaribia? Atafunga chumba, ataweka ufunguo mfukoni, atarudi ubaoni na chaki yake. Mimi simlaumu.

Ndiyo maana anayepanga teknolojia ya shule za mji mzima inafaa aanze na mwalimu, mashine zije baadaye. Uganda inalijua jambo hili. Mwaka 1993 ilianza mpango wa TDMS, ambamo wakufunzi walitoka vyuo vya ualimu na kuwazungukia walimu katika shule zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Connect-ED, kwa fedha za Marekani, ulipeleka kompyuta kwenye vyuo vya walimu wa msingi, ili mwalimu aijue kabla hajasimama mbele ya watoto. Lakini maabara nyingi za kompyuta, zile za mfuko wa Uganda Communications Commission, zilikwenda shule za sekondari. Mtoto wa msingi akabaki kuchora kompyuta kwenye daftari.

Majirani nao wamejaribu. Kule Kenya mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza laptopu. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Vifaa vilianza kufika mwaka 2016, navyo vilikuwa tableti, baada ya kupeleka umeme shuleni na kufundisha walimu. Miaka mitatu ya kungoja! Lakini afadhali kungoja kuliko kugawa masanduku yasiyofunguliwa.

Katika kambi, mwaka huohuo wa 2013, UNHCR na Vodafone Foundation walianza Dadaab na mpango wao wa shule za mtandao, kisha ukafika Kakuma na Nyarugusu. Pamoja na tableti wanaleta betri za jua, intaneti na masomo yaliyotayarishwa, na walimu wanafundishwa kuvitumia. Hapo kidogo nawapa heko.

Na kufundishwa si semina ya siku mbili, soda na cheti. Mwalimu anahitaji mashine ya kujaribia bila kuchekwa na wanafunzi, kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba, na mtu wa kumwita ikigoma. Halafu kuna Yaka. Pesa ya umeme ikiisha, maabara ni stoo tu.

Tusidhani ni mambo ya anasa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kabisa Januari 2022. Masomo yalipita redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Mwenye simu na mtu wa kumwongoza alisoma. Asiye navyo alishika biashara ndogo sokoni, na wengi hawakurudi darasani tena.

Kwa hiyo mzazi, ukifika shule ya Nakivubo, usiulize tu kama wana kompyuta. Uliza chumba kinafunguliwa siku gani, nani anafundisha, na nani analipa umeme. Mwalimu mkuu akikosa jibu, peleka swali kwenye mkutano wa wazazi. Mkimbizi naye ni mzazi, ana haki ya kuinua mkono.

Neno moja kwa walimu wetu kutoka Kongo na Burundi. Wengi wenu mko darasani kama wasaidizi, mnawatafsiria watoto, kwa kuwa diploma zenu hazijatambuliwa hapa. Mpango wa kufundisha walimu kompyuta ukija, mnaweza kuachwa nje ya orodha kwa sababu hiyo tu. Vyeti vya sekondari vinalinganishwa na UNEB, vya chuo kikuu na NCHE, na karatasi za Kifaransa zinahitaji tafsiri kwanza. Inakula muda na pesa, tunajua. Lakini Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wanaokijua vizuri Uganda ni wachache. Anzeni na hiyo tafsiri mapema, orodha ya semina isiwakute bado mnatafuta karatasi.