Mwezi Uifunikapo Nyota ya Jioni

Mtu akisimama Lodwar yapata saa moja ya jioni, vumbi la mchana likiwa limetulia, huenda akaiona Zuhura iking'aa upande wa machweo kabla ya nyota zote. Zuhura si nyota bali ni sayari, nayo hupata nuru yake kwa jua kama Mwezi upatavyo. Mara chache Mwezi hupita mbele yake ukaificha.

Kila saa Mwezi husogea kuelekea mashariki kati ya nyota, kwa kadiri ya upana wake mwenyewe, na sayari iliyo katika njia hiyo hapana budi ifunikwe. Mwezi ukiwa mchanga, ubavu wake wa giza ndio utanguliao. Kwa hiyo sayari huonekana kana kwamba inazimwa na kitu kisichoonekana. Nyota hasa hutoweka ghafula, kwa sababu Mwezi hauna hewa ya kuififiza. Sayari hufichwa polepole, na Mshtarii huweza kuchukua zaidi ya dakika moja.

Yafaa ifahamike kwamba jambo hili halionekani sawasawa kila mahali. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyoka. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 tu, hali Zuhura iko mbali kwa makumi ya mamilioni. Basi watu wa Kakuma, walio magharibi zaidi, kwa kawaida wataiona sayari ikifichwa dakika chache kabla ya wenzao wa Lodwar. Wengi watakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, Mwezi ulipolifunika jua: giza kamili lilipita kaskazini mwa Turkana katika ukanda mwembamba kwa sekunde chache, na huko Sibiloi wageni waliotoka mbali walizuiwa na dhoruba ya mchanga!

Tarehe 24 Machi 2023, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Zuhura ilionekana chini tu ya hilali, na wapo waliodhani ni ishara. Kumbe mchana wa siku hiyo hiyo Mwezi ulikuwa umeifunika sayari hiyo machoni pa watu wa India.

Usiku macho matupu yatosha, na darubini ndogo ni bora zaidi. Lakini sayari ikifunikwa mchana, mtazamaji na asimame kivulini mwa nyumba, jua likiwa limezibwa kabisa na ukuta, wala asielekeze darubini karibu na jua, maana kulitazama kwa darubini hata mara moja hupofusha.