Je, Wajua? Visima vya Karne ya 19 Vingali Vinatoa Mafuta

Katika kijiji cha Oil Springs, Ontario, Kanada, James Miller Williams alianza kuchimba na kuuza mafuta mwaka 1858. Kisima mashuhuri cha Edwin Drake huko Pennsylvania, Marekani, kilifuata mwaka 1859.

Mwaka 1861 John Henry Fairbank akafika Oil Springs. Mtambo alioueneza unastaajabisha hadi leo: fito ndefu za mbao, zilizoning'inizwa juu kidogo ya ardhi, huenda mbele na kurudi nyuma zikiendesha pampu za visima vingi kwa nguvu ya injini moja tu.

Kampuni ya familia yake haikuung'oa. Fito hizo zingali zinavuta mafuta ya kuuzwa, na huo ndio uhifadhi wenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ufundi wenyewe umebaki mikononi mwa wafanyakazi.