Uundaji wa Kitatuzi cha GDB bila Kiolesura cha Matini: Suala la Utegemezi na Urudiwaji wa Utafiti

Makala haya yanafafanua namna GDB inavyoundwa kutoka msimbo chanzo bila kiolesura chake cha matini, maarufu kama TUI. GDB ni kitatuzi, yaani programu inayosimamisha programu nyingine katikati ya utendaji wake ili kumbukumbu na rejista zake zichunguzwe. Iliasisiwa na Richard Stallman mwaka 1986. TUI iliongezwa baadaye kwa mchango wa kampuni ya Hewlett-Packard, nayo huigawa skrini ya terminali katika madirisha ya msimbo chanzo, asembli, rejista na amri. Kazi ya kuchora madirisha hayo hutegemea maktaba ya curses, ambayo siku hizi aghalabu huwa ni ncurses.

TUI ni sehemu ya hiari, na hiari hiyo ina hali tatu. Mwundaji akiandika `--disable-tui` wakati wa kuendesha hati ya `configure`, kiolesura huachwa kwa makusudi. Akiandika `--enable-tui`, hati hutafuta curses na husimama kwa kosa isipoipata. Asipoandika lolote, hati hujiamulia: maktaba ikipatikana TUI hujengwa, isipopatikana huachwa na kazi ikaendelea. Onyo hutolewa, lakini humezwa na mamia ya mistari inayopita kwenye skrini.

Hali hii ya tatu ndiyo yenye athari kubwa kitaaluma. Tuchukue watafiti wawili wenye toleo lile lile la GDB na kompaila ile ile. Mmoja anatumia mashine ya Debian yenye kifurushi cha `libncurses-dev`. Mwingine ana ncurses ya kuendeshea programu tu, bila faili za vichwa ambazo kompaila huzihitaji. Wote wawili wataandika katika sura ya mbinu kwamba walitumia GDB ya toleo fulani, na wote watakuwa wamesema kweli, ilhali vitatuzi vyao havilingani. Mtahini atakayefuata hatua za wa kwanza kwenye mashine ya wa pili ataandika `layout regs` na kukataliwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kutaja namba ya toleo pekee hakutoshi. Chaguo za uundaji nazo ni sehemu ya mbinu.

Ifahamike pia kwamba kuiondoa TUI si kuiondoa ncurses moja kwa moja. GDB husoma amri za mtumiaji kupitia maktaba ya readline, nayo huhitaji kujua sifa za terminali. Kwa hiyo, hata baada ya `--disable-tui`, hati hutafuta kitendaji cha `tgetent` katika maktaba za termcap, tinfo, curses na ncurses. Anayetarajia kwamba chaguo hilo litamwepushia kila utegemezi wa terminali atashangaa kuikuta tinfo, au hata ncurses yenyewe, ikiwa bado imeunganishwa.

Kinachopotea ni madirisha na amri zake, pamoja na madirisha yanayobuniwa kwa Python, uwezo uliokuja na toleo la 10. Uchunguzi wenyewe haupungui: `list` huonyesha msimbo chanzo, `disassemble` huonyesha asembli, na `info registers` huorodhesha rejista. Kiolesura cha MI, kinachotumiwa na Emacs na Eclipse kuwasiliana na GDB, hakiguswi.

Uundaji wenyewe ufanyike katika saraka tofauti na ile ya msimbo chanzo. Saraka hiyo iwe mpya kila chaguo zinapobadilishwa, kwa kuwa `configure` huhifadhi majibu ya awali:

`../gdb/configure --disable-tui`
`make all-gdb`
`make install-gdb`

Hapa `../gdb` ni saraka ya juu ya msimbo uliofunguliwa. Tangu toleo la 11, maktaba ya GMP ni ya lazima, nayo haihusiani na TUI. Kukosekana kwake husimamisha kazi.

Uthibitisho ni mwepesi. Amri ya `gdb -tui` itajibu kwamba hali ya TUI haitumiki, na `gdb --configuration` itaorodhesha chaguo zilizotumika. Orodha hiyo ndiyo inayostahili kunakiliwa kwenye kiambatisho cha tasnifu, neno kwa neno, kando ya namba ya toleo.